Chile relleno ya Denver na ya New Mexico: kubabua, kujaza, kukaanga, na mahali inapoharibikia

MpishiZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni kwa walio kwenye majiko ya migahawa ya Kimeksiko huku Colorado na New Mexico, na kwa yeyote anayetaka kupika pilipili ya kujaza (ndiyo chile relleno, au relleno kwa kifupi) ikatoka sawasawa. Maelezo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya poblano kama inavyopikwa Puebla, Meksiko: pilipili pana, koti la mayai, mchuzi mwepesi wa nyanya. Huku inayofika mezani ni pilipili ndefu ya kijani, na nyama yake ni nyembamba kuliko ya poblano. Ukiishughulikia kwa maelezo ya poblano itakuchanikia mkononi.

Namna ya New Mexico ni pilipili ndefu, jibini ndani, koti la mayai, na juu mchuzi wa pilipili ya kijani au nyekundu. Mhudumu wa huko lazima akuulize "nyekundu au kijani?", na swali hilo lilipitishwa rasmi kuwa swali la jimbo mwaka 1996. Namna ya Denver ni pilipili ileile, ila badala ya koti la mayai inaviringishwa ndani ya karatasi ya unga wa ngano na mayai, ile ya kutengenezea egiroli za Kichina. Inazamishwa kwenye mafuta mpaka ikauke, halafu inamwagiwa mchuzi mzito wa pilipili na nyama ya nguruwe, wenye rangi ya machungwa kwa sababu ya nyanya. Migahawa mingi ya Denver inaandika zote mbili kwenye menyu na mteja anachagua: laini (ya mayai) au kavu (ya karatasi).

Kinachotawala zote mbili ni maji. Maji yaliyobaki kwenye pilipili ndiyo yanayotelezesha koti, yanayopasua karatasi na yanayorusha mafuta. Karibu kila kasoro ya chakula hiki inaanzia hapo, kabla karai halijabandikwa.

Pilipili: chagua iliyonyooka, ngumu, yenye kikonyo kibichi. Iliyojipinda haibabuki sawasawa, mikunjo inabaki na ngozi. NuMex Big Jim, aliyoitoa Roy Nakayama wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico mwaka 1975, ndiyo inayopendwa kwa kujaza kwa sababu ni kubwa, sm 18 hadi 25, na ina nafasi ndani. Ukali wake hautabiriki: ndani ya gunia moja utapata ya upole na ya kukutoa machozi. Kama wateja hawavumilii, tafuta aina iitwayo 6-4, ni ya upole zaidi.

Kubabua: moto mkali, muda mfupi. Weka juu ya moto wa gesi wenyewe, au chini ya griili ya oveni kwa umbali wa sm 8 hadi 10. Geuza kwa koleo kila upande unapofura na kuota mabaka meusi. Unachotaka ni ngozi iachane na nyama. Kuiva kutakuja kwenye mafuta. Kwa pilipili ndefu dakika 5 hadi 8 zinatosha. Itie kwenye bakuli, funika dakika 10, kisha ifunue uitandaze kwenye trei. Poblano huvumilia dakika 20 za mvuke. Hii ndefu ukiiacha muda huo inaendelea kuiva na kulegea.

Kumenya: glavu mkononi, vidole na kitambaa kikavu. Usiiweke chini ya bomba. Maji yanaondoa ladha ya moshi na yanajaa ndani, na utahangaika nusu saa kuyatoa. Vijipande vyeusi vilivyong'ang'ania havidhuru.

Kupasua: anza sm 1 chini ya kikonyo, shuka sm 6 tu. Usifike nchani hata kidogo, maana ncha ndiyo mfuko unaoshika jibini. Kwa kijiko kidogo vuta kifundo cha mbegu na utando mweupe. Ukali uko kwenye utando huo kuliko kwenye mbegu, kwa hiyo ukitaka kupunguza ukali hangaika na utando. Ya New Mexico iachie kikonyo, ya Denver kikate.

Kukausha: laza mpasuo ukitazama chini juu ya taulo za karatasi, ingiza kwenye friji bila kufunika kwa dakika 30, kisha pangusa ndani kwa karatasi nyingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi.

Kikonyo

Mkuu umeeleza vizuri. Swali: Agosti na Septemba watu huku wananunua gunia zima lililobabuliwa palepale kwenye lile pipa la waya linalozunguka juu ya moto wa gesi. Ukifika nyumbani nusu ya pilipili zimekwishachanika. Tatizo ni pipa au ni mimi kumenya vibaya?

MpishiZamu

Ni pipa, ndugu, na ni mfuko. Pipa linazirusha pilipili zigongane, zile ndefu zinavunjika shingoni. Kisha wanazimimina kwenye mfuko wa plastiki zikiwa za moto, na huko zinaendelea kuiva kwa mvuke mpaka unafika nyumbani.

Mwambie anayebabua atoe mapema, ngozi ikiwa imefura pande zote hata kama haijawa nyeusi yote. Ukifika, mwaga zote kwenye trei mara moja zipoe. Tenga nzima na zilizochanika. Nzima ndizo za kujaza, zilizochanika zikate kwa ajili ya mchuzi, hakuna kitakachopotea. Za kujaza zigandishe na ngozi yake, safu moja moja kwenye trei, kisha zihamishie mfukoni. Ngozi inailinda nyama isikauke, na ikiyeyuka inamenyeka kwa urahisi kuliko siku ya kwanza.

Karai

Naongezea upande wa koti la mayai, maana hapo ndipo majiko mengi yanaangukia.

Kwa pilipili 6: mayai makubwa 4, unga wa ngano vijiko vikubwa 2, chumvi robo ya kijiko cha chai, na unga mwingine gramu 60 pembeni wa kupaka. Tenga ute na kiini. Bakuli la ute lisiwe na chembe ya mafuta wala kiini, vinginevyo hauumuki. Piga ute na chumvi mpaka usimame na ncha yake iiname kidogo. Ukiendelea kupiga mpaka ukauke na kuwa mabonge, haukubali tena kuchanganyika na kiini, na koti linatoka na mashimo. Koroga viini na vile vijiko 2 vya unga, vimimine juu ya povu, changanya kwa mwiko mpana kwa kukunja kutoka chini kwenda juu. Ukiona michirizi michache ya njano, acha hapohapo.

Pilipili iliyojazwa igaragaze kwenye unga mkavu na uikung'ute. Nyama ya pilipili iliyomenywa inateleza, bila unga koti linavuliwa lote mara moja likifika kwenye mafuta. Unga ukizidi nao unageuka gundi nyeupe kati ya koti na pilipili, na mteja anaihisi mdomoni.

Mafuta kina cha sm 3 kwenye kikaango kipana, nyuzi 180 za Selsiasi. Shika kikonyo, zamisha pilipili kwenye povu, inua, ilaze polepole kuelekea upande wa mbali na wewe. Dakika 2 upande mmoja, dakika 2 wa pili. Toa, weka juu ya waya. Ukiiweka kwenye karatasi, chini inatokota kwa mvuke wake na kulowa.

Povu halisubiri mtu. Baada ya dakika 10 hadi 15 linaanza kutoa maji chini ya bakuli. Kwa hiyo piga kidogo kidogo kulingana na oda. Ndoo nzima ya asubuhi haifai.

Zeituni_K

Mpasuo uwe juu au chini unapoilaza kwenye mafuta? Nimeelekezwa yote mawili.

Karai

Dada Zeituni, mimi naweka chini. Koti la upande wa mpasuo linashika kwanza na kuziba kabla jibini haijaanza kutembea.

BondeLaHatch

Hapa sikubaliani nawe, Karai. Kwenye mafuta ya kina kifupi mpasuo ukiwa chini unakaa juu ya chuma cha kikaango, mahali penye moto kuliko pote, na ukigandia unafunguka unapogeuza. Uweke juu, na muda huohuo uchote mafuta ya moto kwa kijiko uyamwagie juu ya mpasuo mara tano au sita. Koti linashika pande zote ndani ya nusu dakika, ndipo unageuza. Kwenye karai lenye mafuta mengi, pilipili inapoelea, njia yako ni sawa.

Karai

Nakubali kwa kikaango. Jibu la mpasuo nililitoa nikiwa na mafuta ya kina kirefu kichwani. Jambo jingine kwa wenye mashine ya kukaangia yenye kikapu: relleno ya mayai usiiweke kikapuni, koti linajisuka kwenye nyavu na kubaki huko. Iachie moja kwa moja kwenye mafuta na uitoe kwa kichujio cha mpini.

MamaManda

Hodi jamani. Hiyo karatasi ya Denver, manda za sambusa haziwezi kufanya kazi?

MpishiZamu

Karibu Mama. Zinafanya kazi, lakini kwa mabadiliko. Karatasi ya egiroli ni unga mbichi wenye yai, inauzwa mraba wa karibu sm 17, na ikikaangwa inaota malengelenge na kuwa nene kidogo, inaweza kubeba mchuzi juu yake. Manda imekwishapitishwa kwenye chuma kikavu, ni nyembamba, inavunjika vizuri lakini chini ya mchuzi mzito inalegea ndani ya dakika chache. Tumia manda mbili zikipishana nusu, ziba kwa uji wa unga ule ule wa sambusa, na mchuzi upakue pembeni.

Kuviringisha kwa Denver ni hivi. Mraba uweke kona ikitazama tumbo lako. Pilipili iliyokauka na iliyojazwa jibini ilaze kuelekea kona za kushoto na kulia. Kutoka kona hadi kona ni karibu sm 24, kwa hiyo Big Jim ndefu sana itabidi ikatwe shingo au ncha ikunjwe. Kunja kona ya chini juu yake na uvute nyuma ili kubana, hewa isibaki. Kunja kushoto na kulia, paka yai lililopigwa kwenye kona ya mwisho, viringisha, laza mkunjo chini. Hewa iliyobaki ndani inatanuka ikipata moto na inapasua karatasi, halafu jibini inaingia kwenye mafuta na kuchafua yote.

Panga kwenye trei yenye karatasi ya nta na unga kidogo wa mahindi laini, zisigusane. Karatasi ambazo hujatumia zifunike kwa kitambaa chenye unyevu, zinakauka na kupasuka kingo upesi sana.

Mafuta nyuzi 177, dakika 3 hadi 4, ukizigeuza. Mashine ya lita 15 hadi 20 isipokee zaidi ya 4 au 5 kwa mara moja. Ukijaza, joto linashuka mpaka 150 na karatasi inakunywa mafuta.

Hapa ndipo uzuri wake jikoni: unaviringisha saa nne asubuhi, friji inashika mpaka usiku, na oda ikiingia unakaanga. Koti la mayai halikupi nafasi hiyo hata kidogo.

NyandaZaJuu

Naomba niingize habari ya mwinuko, maana watu watanakili nyuzi hizo 177 bila kujua zimetoka wapi.

Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Unyevu wa ndani ya chakula unatoka mapema, na nje inakuwa kahawia kabla ndani haijapata moto. Kanuni inayofundishwa ni kupunguza joto la mafuta nyuzi 3 za Farenhaiti kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Kwa Denver inakuwa nyuzi 15 hivi za Farenhaiti, karibu 9 za Selsiasi. Kwa hiyo 177 ya Denver ni sawa na 185 ya Dar es Salaam au Mombasa.

Walio Nairobi, Kigali na Bukavu wafuate namba za Denver, mwinuko wao unakaribiana. Nyama ya mchuzi nayo huko juu inataka muda zaidi kulainika, kwa sababu maji yanachemka yakiwa na joto dogo.

Zeituni_K

Tuambieni jibini sasa. Yangu inatoka maji na mafuta, haivutiki.

BondeLaHatch

Inawezekana ni cheda iliyokomaa. Jibini ikikaa muda mrefu protini zake zinakatikakatika, ikipata joto kali mafuta yanatoka upande na mabonge upande. Unataka jibini changa yenye unyevu wa kutosha: Monterey Jack ndiyo ya kawaida New Mexico na Colorado. Muenster ya Kimarekani inafaa, asadero, Chihuahua na Oaxaca zinafaa sana. Queso fresco haiyeyuki, wala paneer. Hizo unaweza kuzivunjavunja kidogo ndani kwa ajili ya chumvi, lakini zisiwe ndizo shibe ya pilipili.

Usinunue iliyokwanguliwa tayari. Imepakwa wanga isigandane, na wanga huo unaifanya iyeyuke kwa chengachenga.

Kipimo: gramu 45 hadi 60 kwa Big Jim, iwe kipande kirefu, unene sm 1.5, kifupi kuliko pilipili kwa sm 2. Kingo za mpasuo lazima zikutane zikipishana kidogo. Zikiachana, punguza jibini. Kijiti cha meno kinasaidia, ila mhudumu aambiwe kabla sahani haijatoka.

Na halijoto yake inategemea koti. Koti la mayai linakaa kwenye mafuta dakika 4 tu, kwa hiyo jibini ikitoka moja kwa moja kwenye friji, kati inabaki ngumu. Itoe dakika 20 kabla, au ikwangue mwenyewe na uishindilie. Ya karatasi nayo unaitaka ya baridi kabisa, ili karatasi ishike kabla jibini haijawa uji.

MsafiriAurora

Wakuu, kwa sisi Waislamu tunaokula kwenye migahawa hii, kipi cha kuuliza?

MpishiZamu

Swali muhimu sana, ndugu. Uliza vitu vinne. Mchuzi wa pilipili ya kijani wa Denver kwa kawaida una nguruwe. Mingi ina vipande, na hata usipoviona supu yake huenda imetokana na mifupa ya nguruwe. Uliza kama wana mchuzi usio na nyama, migahawa mingi inao kwa ajili ya wasiokula nyama. Pili, maharage ya kupondwa yanayokuja pembeni mara nyingi yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tatu, uliza mafuta ya kukaangia ni ya mimea au ya mnyama, na kama mashine hiyohiyo inakaanga nyama. Nne, jibini: kimeng'enyo cha kugandishia maziwa kinaweza kutoka kwa mnyama. Mwenye kulizingatia hilo aombe kuona lebo.

Nyumbani tumia bega la ng'ombe au paja la kuku. Mchuzi haupungukiwi.

Kikonyo

Basi uweke mchuzi huo kwa vipimo.

MpishiZamu

Kwa sahani 6 hadi 8. Mafuta vijiko vikubwa 4, nyama gramu 600 iliyokatwa miraba ya sm 1.5, kitunguu kikubwa 1, kitunguu saumu punje 4, unga wa ngano gramu 45, supu lita 1, pilipili ya kijani iliyobabuliwa na kumenywa gramu 500 ikatwe vipande vya ukubwa wa ukucha, nyanya gramu 200, oregano nusu kijiko cha chai, chumvi vijiko 2 vya chai halafu urekebishe mwishoni.

Kaanga nyama kwa mafungu mawili mpaka iwe kahawia hasa, uitoe. Kitunguu kwenye mafuta yaleyale dakika 6, saumu dakika 1. Mimina unga, koroga dakika 3 mpaka harufu ya ubichi iishe. Supu iingie kidogo kidogo ukikoroga, isifanye madonge. Rudisha nyama, weka nyanya, moto mdogo saa 1 na nusu. Pilipili iingie dakika 30 za mwisho tu. Ikiingia mwanzoni harufu yake ya moshi inapotea na inabaki ukali mtupu.

Uzito sahihi: ukichovya kijiko na kupitisha kidole mgongoni, mfereji ubaki. Mwepesi kuliko hapo unapenya kwenye karatasi na kuilowesha. Bizari nyembamba wapo wanaoiweka, robo ya kijiko cha chai. Ikizidi inafunika pilipili.

BondeLaHatch

Hapo niseme jambo kwa niaba ya New Mexico. Mchuzi wa gramu 45 za unga na nyanya ni mchuzi wa Denver, na kwa relleno kavu unastahili. Kwa relleno ya koti la mayai ni mzito kupita kiasi, unaiua. Wa New Mexico ni pilipili yenyewe: gramu 500 zilizokatwa, kitunguu nusu, saumu punje 2, supu au maji mililita 350, unga kijiko kikubwa 1 au usiweke kabisa, dakika 20, chumvi. Hakuna nyanya. Mteja apate ladha ya pilipili mara mbili, iliyojazwa na iliyomwagwa.

Pilipili ya huko ina kazi ya zaidi ya karne nyuma yake. Fabián García alianza kuzichagua na kuzizalisha kwenye chuo cha kilimo cha Las Cruces, na aina zake ndizo wazazi wa pilipili ndefu za leo. Hata Anaheim ya California ilitokana na mbegu zilizochukuliwa New Mexico. Anayetaka kuonja relleno ya upande huo aende La Mesa, kusini mwa Las Cruces, kwenye mgahawa wa Chope's. Ni mahali pa zamani panapojulikana hasa kwa chakula hiki.

Namna ya Denver naiheshimu kama chakula cha jiko lenye oda nyingi. Lakini ukiniuliza ipi inaitunza pilipili, ni ile ya koti jembamba la mayai iliyokaangwa mteja akiwa ameketi.

MpishiZamu

Mkuu Bonde, sina ubishi kuhusu mchuzi. Kuhusu pilipili nabisha kidogo. Ndani ya karatasi haigusani na mafuta kabisa, kwa hiyo ikikaushwa vizuri inatoka na ladha yake yote. Kinachoiharibu Denver ni kutumia pilipili za kopo zilizojaa maji, na jibini ya njano ya vipande. Weka Pueblo iliyobabuliwa fresh uone. Ile ya Pueblo, Colorado, ina nyama nene kuliko ya Hatch, ile pilipili ndefu ya New Mexico, inashika umbo. Ubaya wake ni fupi, kwa hiyo jibini gramu 35 hivi.

AfyaJikoni

Usalama kidogo, kwa wanaopika kwa ajili ya watu wengi.

Pilipili iliyomenywa haina asidi ya kutosha kujilinda. Usiihifadhi kwenye chupa ya mafuta mezani, hapo ndipo sumu ya botulizimu inapopata nafasi. Friji au barafu tu. Mchuzi uliopikwa kwa wingi ushuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, na ufike 5 ndani ya saa 4 nyingine. Sufuria la lita 20 halishuki hivyo lenyewe ndani ya friji. Ugawe kwenye trei za kina cha sm 5, au sufuria likae kwenye maji ya barafu huku ukikoroga.

Relleno za karatasi ambazo hazijakaangwa zitumike siku hiyohiyo. Zikilala, unyevu wa pilipili unapenya na karatasi inakuwa utelezi. Za kesho zigandishe mara tu ulipoziviringisha. Zikaange zikiwa bado barafu, nyuzi 165, dakika 6 hadi 7, na uhakikishe kati imepata moto. Ondoa theluji ya nje kwanza, maana ikiingia kwenye mafuta yanafurika.

Mkono ukiwaka kwa pilipili, maji peke yake hayasaidii. Paka mafuta ya kupikia, sugua, kisha osha kwa sabuni ya vyombo. Rudia. Usiguse jicho.

Zeituni_K

Kwa sisi tulioko Afrika Mashariki, hizo Hatch hatuzipati. Hoho inafaa?

MamaManda

Nami nangojea jibu hilohilo.

NyandaZaJuu

Hoho la kawaida ni nene na lina maji mengi, ndiyo maana watu wakilijaza wanalioka tu. Ukilazimika, chagua madogo membamba, babua dakika 10 hadi 12, menya, nyunyizia chumvi ndani, lilaze mpasuo chini dakika 20 litoe maji, kisha pangusa. Ukali ongeza mwenyewe: pilipili mbichi moja ndogo ikatwe laini kabisa na ichanganywe na jibini.

Jibini: mozarela ngumu ya pizza, au gauda changa. Walio Goma na Kivu nzima wana jibini ya Masisi. Ikiwa bado changa inayeyuka vizuri na ina chumvi yake, punguza chumvi ya koti. Mozarela ile inayoelea kwenye maji usiitumie, inarudisha maji yote uliyohangaika kuyatoa.

Mwenye bustani aagize mbegu za poblano au Anaheim. Ziote kwenye joto la nyuzi 21 hadi 27, miche ikae kitaluni wiki 8 hadi 10, nafasi ya sm 45 shambani. Utavuna za kijani baada ya siku 75 hadi 85 tangu kuhamisha. Usizipande jirani na pilipili kali kama unataka kuhifadhi mbegu, maana zinachavushana na kizazi kijacho hujui kitakavyokuwa.

Zeituni_K

Asante sana kaka. La mwisho: ya karatasi inatoka kavu, ikifika mezani chini imelowa hata kabla ya mchuzi kuingia.

MpishiZamu

Dada, unaipumzisha wapi? Kama ni kwenye karatasi au sahani baridi, mvuke unarudi chini. Weka juu ya waya dakika 2, wima kidogo ikiwezekana. Sahani iwe ya moto. Kama bado inalowa, ikate moja katikati uitazame: ukiona kidimbwi cha maji ya kijani, hukuikausha pilipili. Ukiona mafuta ya njano, jibini imevuja kwenye mkunjo, bana zaidi na upake yai kingo zote. Ukiona karatasi ya ndani bado nyeupe na mbichi, mafuta yalikuwa ya moto kupita kiasi, punguza nyuzi 5 na uongeze dakika 1. Mchuzi mimina mililita 180 katikati tu, ncha mbili zibaki wazi, na mhudumu aichukue papo hapo.